Mkonga

Mwaka jana Mbwemkuru ulinipokea kwa magoti,
ukanipandia kiunoni,
kisha injini ikanywa funda moja,
moja tu,
ikanyamaza kama mtu aliyekumbuka deni.
Maji hayashindiliki. Hilo sikufundishwa shuleni Ruponda,
nilifundishwa na kondrodi iliyopinda kama kijiko cha mtoto.
Nililipa kwa magunia kumi na moja ya korosho
ambayo hayakuwa yangu yote.

Kwa hiyo Novemba hii, wingu la kwanza halijakohoa,
niko Nachingwea kwa fundi Nampoto, nyuma ya maghala,
na mikonga mitatu imelazwa juu ya turubai
ikisubiri nijifanye najua.

Wa kwanza umetoka Dar, mweusi, unang'aa, una stika ya simba.
Nampoto akaukandamiza kwa kidole gumba.
Ukabonyea, ukabaki umebonyea.
"Hii," akasema, "ni ndoo iliyosomeshwa."

Wa pili ni bomba la ekzosi, kaliunga kijana wa Masasi,
zito, halina majivuno;
nilipolielekeza juani nikachungulia,
kwenye kiungo nikaona uzi wa mwanga.
Penye mwanga, maji hayabishi hodi.

Wa tatu waling'oa kwenye gari lililokufa la mradi wa maji
(mradi wa maji! tulicheka wote),
umepauka, una mkwaruzo wa tawi,
mdomo wake mpana kuliko kiganja changu.
Nikauchukua huo.
Bei sitaiandika. Mke wangu anajua kusoma.

Kutoboa fenda si jambo dogo.
Miaka kumi na minne bati hili limenifichia kutu,
leo naliletea drili.
Somoe, anayejifunza kazi kwa Nampoto,
alikata boksi la biskuti, akalibandika ubavuni,
akatia alama, akabandua, akabandika,
akapima kutoka nguzo ya kioo. Akapima tena.
"Mara ya tatu ya nini?"
"Boksi linasamehe," akasema. "Bati halisamehe."

Drili ikalia. Chenga za moto zikaniangukia kwenye ndala.
Tundu likabaki, jeusi, la mviringo,
nami nikachungulia injini yangu mwenyewe
kama mtu aliyeingia ukweni bila kupiga hodi.

Chujio la zamani lilipotoka lilikuwa la njano:
salfa ya Juni, ya mikorosho ya watu,
niliyoisomba mfuko kwa mfuko hadi Kilimarondo.
Nampoto akalipiga tairini, akapiga chafya mara nne.
"Mto unauogopa miezi mitatu," akasema akifuta pua,
"vumbi unalila miezi tisa."

Gundi. Klempu. Skrubu sita;
ya saba ilidondokea ndani ya fremu,
hadi leo naisikia kwenye kona.

Kisha Somoe akapanda juu ya bampa:
"Washa!"
Nikawasha. Akauziba mdomo wa mkonga kwa kiganja.
"Ikiendelea kuunguruma," Nampoto akasema,
"ina pua nyingine inayotuficha."

Ikaendelea.

Tukaitafuta hiyo pua: hapa, pale,
mpaka nyuma ya chujio, klempu iliyolegea kama ahadi ya diwani.
Nusu mzunguko. Kiganja tena.
Injini ikakohoa, ikatetemeka mpaka vioo,
ikakata roho.
Na sisi watatu, oili hadi viwikoni,
tukashangilia kifo kile kama goli.

"Sasa usije ukadhani una boti," Nampoto alinionya akihesabu noti.
"Ukifika mtoni shuka, uvuke kwanza kwa miguu yako."
Nikaitikia ndiyo, ndiyo,
kwa sauti ya mtu ambaye tayari yuko katikati ya maji.

Kibutuka nilifika Ijumaa.
Shangazi, Binti Likwena,
aliyemaliziwa mahindi na tembo mwezi Machi,
akalizunguka gari mara moja, mikono kiunoni,
akautazama mkonga kutoka shina hadi mdomo,
akauliza kama na huyu naye
hula usiku.